Mashahidi Wawili Wasioinua Mguu

Nyosheni safu, enyi jamaa mliohudhuria. Jazeni mianya, bega kwa bega, na mwenye kukohoa na akohoe sasa, kwa kuwa kisa hiki hakirudiwi kwa ajili ya mtu aliyekuwa akipiga miayo. Na yeyote miongoni mwenu atakayesikia neno limchomalo, asigeuze shingo kumtazama jirani yake. Jirani yake naye atakuwa anamtazama yeye.

Hapo zamani, katika mji wa Kilifundi, alitawala Sultani Shekuwe, mtu mwema, wa wema ule wa kitini. Hakumdhulumu mtu kwa mkono wake, maana mkono wake haukuwa na desturi ya kufanya kazi yoyote, hata hiyo. Alilishwa, alivikwa, alipepewa. Na hata kufikiri, alifikiriwa na waziri wake, Mselemu bin Tawaa.

Na waziri huyo alikuwa mcha Mungu ambaye ucha Mungu wake ulionekana kwa mbali kama mnara. Kipajini alikuwa na alama ya sijida, nyeusi tititi. Mkononi tasbihi ya kaharabu iliyolia hata pale midomo yake ilipokuwa ikisema mengine. Siku ya Ijumaa yeye ndiye imamu. Siku ya Jumatatu alifunga sunna, na mji mzima ulijua amefunga, kwa sababu aliwaambia.

Basi alikuwapo pia mtu aitwaye Shee bin Omari, ndugu wa kunyonya wa Sultani, aliyeketi kuumeni kwake barazani. Shee na Mselemu walikuwa wamekula sahani moja tangu chuoni. Kilemba cha kwanza alichovaa Mselemu, Shee ndiye aliyemvika. Na mlango wa kwanza wa Sultani aliouingia, Shee ndiye aliyemshika mkono akamwingiza. Nanyi mnajua, enyi wenye nyoyo, kwamba hakuna jambo limchomalo mtu mwenye roho ndogo kama kuuona kila siku uso wa yule aliyemtendea hisani. Adui humvumilia. Mfadhili hawezi.

Na mtu wa tatu wa kisa hiki ni Ngwali, mshona kofia, ambaye watu walimwita mpumbavu kwa sababu mbili: alikuwa fukara, tena alisema kweli, nayo moja tu ingetosha. Alishona kofia zake kwenye baraza ya nyumba ya Shee, na kila asubuhi Bibi Mwanashuru, mkewe Shee, alimtolea bakuli la uji na kumuuliza kama kofia ya leo ni ya kichwa chenye akili au ya kichwa tu. Ngwali alikuwa akijibu kwamba kofia za vichwa vyenye akili hazinunuliwi, wenye navyo hawana fedha. Hivyo ndivyo walivyoishi, kwa uji na mzaha, mpaka Jumatatu ile.

Ikawa Jumatatu ile Waziri Mselemu alimwalika Shee shambani kwake Pakachani, mwendo wa saa mbili kutoka mjini, ili wakae wawili tu kama siku za chuoni. Bibi Mwanashuru akaoka mkate wa ufuta, akaufunga katika kitambaa, akampa mumewe ampelekee mwenyeji wake. Shee akaenda akicheka. Jumanne asubuhi Waziri akarudi peke yake, kanzu imechanika kifuani, macho yamevimba, akajitupa miguuni pa Sultani. Akasema kwamba Shee amekufa. Alikula mkate ule wa mkewe, akashika tumbo, akafa kabla ya magharibi. Na yeye Waziri aliokoka kwa kuwa alikuwa na saumu yake ya sunna, shukrani kwa Mola awahifadhiye wafungao. Akasema kwamba alimwosha ndugu yake kwa mikono yake, akamkafini kwa mikono yake, akamlaza kaburini kwa mikono yake, saa ile ile, kwa kuwa heshima ya maiti ni kuharakishwa. Kisha akalia tena. Alilia vizuri sana.

Sultani naye akalia. Na baada ya kulia akachoka, na baada ya kuchoka akaulizwa na Waziri kama mwanamke aliyemtilia mumewe sumu aachwe aote jua. Sultani akasema hapana. Basi ikaandikwa, ikapigwa mhuri, kwamba Mwanashuru binti Shali atakatwa kichwa siku ya Ijumaa baada ya sala, mbele ya watu. Haikuulizwa amtilie mumewe sumu kwa sababu gani. Swali hilo lilikuwa refu, nacho chakula cha mchana kilikuwa tayari.

Ngwali hakuwa na la kufanya ila lile afanyalo maskini, nalo ni kuomba dua. Jumatano akatembea mpaka Pakachani ili amtolee salamu Bwana Shee kaburini. Vibarua wawili wa Waziri walikuwapo, wakamwacha aingie, kwa kuwa nani amzuie mpumbavu asiongee na wafu? Kaburi lilikuwa bichi, limetengenezwa kwa usafi kando ya uwanja wa kupepetea mpunga, na juu yake yamesimamishwa mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni. Mawe ambayo watu wa Kilifundi waliyaita mashahidi, kwa kuwa humshuhudia maiti kwamba hapa ndipo alipo.

Basi Ngwali akafanya kama alivyofundishwa na baba yake. Akasimama, akakipa kibla mgongo, ili aukabili uso wa maiti na kumwamkia. Nyote mnajua kwamba maiti hulazwa kwa ubavu wa kuume, uso wake ukielekea kibla, kama mtu aliyejinyosha ndani ya safu akingoja sala ikimiwe. Na kwa hiyo anayemwamkia humtazama usoni. Ngwali akainua macho atoe salamu, akajikuta hatazami uso. Anatazama utosi. Jiwe la kichwani lilikuwa mbele ya magoti yake, na kaburi limenyooka kutoka hapo kama mshale uliotupwa kibla. Akahama, akajipanga upya; ikawa vile vile. Akalitazama jua, akaitazama njia ya mjini. Kibla hakikuwa kimehama.

Akamwuliza kibarua mmoja ni nani aliyewaonyesha namna ya kuchimba. Kibarua akajibu kwa fahari kwamba ni Bwana Waziri mwenyewe, aliyesimama pale na tasbihi yake akasema, kichwa kielekee kibla, kwa heshima ya marehemu.

Ngwali akaketi chini, akacheka mpaka vibarua wakasogea mbali naye. Kwa maana hapo alikumbuka jambo ambalo mji mzima ulilijua bila kulifikiri. Katika kila maziko ya Kilifundi, Waziri Mselemu alikuwa mtu wa kwanza nyuma ya jeneza, na sauti yake ya kwanza katika tahalili. Lakini wafikapo makaburini, yeye alibaki langoni chini ya mwavuli, ameinua pindo la kanzu, kwa kuwa udongo haumjui waziri. Katika umri wake wote hakuwa amemteremsha maiti hata mmoja. Hakujua hulazwaje. Na mtu asiyejua maiti hulazwaje, ndiye aliyesema, nimemlaza kwa mikono yangu.

Kisha kicheko kikamkatika Ngwali. Ikiwa Waziri hakumlaza Shee, basi ni kitu gani kilicholala hapa? Na Shee yuko wapi? Akatazama mawe yale mawili, akafahamu kwamba shingo ya Bibi Mwanashuru inategemea yakae vivi hivi mpaka Sultani ayaone. Akimshitaki Waziri barazani, atapigwa viboko themanini vya kusingizia kabla hajamaliza sentensi. Na kabla kiboko cha arobaini hakijaanguka, vibarua watakuwa wameligeuza kaburi, nalo litaelekea kuzuri kuliko makaburi yote ya Waislamu. Ilimlazimu amlete Sultani Pakachani pasi na kumwambia yeyote kwa nini. Na Sultani Shekuwe alikuwa hajatembea kwenda popote tangu alipotahiriwa.

Alhamisi asubuhi baraza likajaa. Bibi Mwanashuru aliletwa asomewe hukumu yake, akasimama na buibui lake lenye vumbi la gereza. Ndipo Ngwali akajipenyeza mpaka mbele, akapiga magoti, akasema, "Bwana wangu, mwanamke huyu hakuua."

Watu wakacheka kidogo, kama wachekavyo watu waliokaa karibu na wakubwa, kila mmoja akingoja kuona wakubwa watacheka kiasi gani. Bibi Mwanashuru akamtazama, akasema kwa upole, "Fundi Ngwali, rudi kwenye baraza yako. Shingo moja yatosha kwa wiki hii."

"Shingo yangu haijapata kuvaa kitu kizuri, bi mkubwa," akajibu Ngwali. "Acha ijaribiwe."

Sultani akamwuliza kama ana ushahidi. Waziri akajongea mbele, akizungusha tasbihi, akasema kwamba sheria haikubali porojo za mshona kofia, bali mashahidi wawili waadilifu. Na kwa kuwa jambo lenyewe ni zito, mashahidi wa Ngwali ni lazima wawe watu wasiopata kula rushwa hata tonge, wasio na udugu wala urafiki na yeyote, wasiopata kusema uongo maishani mwao. Tena wawe walikuwapo Pakachani pale pale kaburini, nao wasiwe wameondoka toka siku hiyo. Kila sharti alilolitaja, watu walitikisa vichwa kwa kustaajabia elimu yake, kwa kuwa walijua hakuna watu wa namna hiyo, na kwamba wangekuwapo wasingekaa Kilifundi.

"Na usipowaleta," akasema Waziri, "kesho utapiga magoti kando ya mwanamke huyu."

"Nimekubali," akasema Ngwali. "Ninao wawili, na masharti yote wanayo. Ila kuja hawawezi. Tangu walipofika pale hawajainua mguu."

"Ni wagonjwa?" akauliza Sultani.

"Wazima, bwana. Wanasimama usiku na mchana, jua na mvua."

"Wanakula nini?"

"Sijawaona wakila."

"Wanazungumza na watu?"

"Wamenyamaza, bwana. Ukiwaamkia, hawakurudishii. Lakini ukiwatazama, unaongoka."

Sultani akainuka nusu kutoka kitini, jambo lililowatisha watumishi, akauliza kwa sauti ya chini kama katika nchi yake wametokea mawalii wawili, naye hakuambiwa. Akamgeukia Waziri kwa lawama. Na hapa, enyi jamaa, utazameni mtego ambao hakuutega mtu, isipokuwa kiburi. Waziri hakuwa na habari ya walii yeyote Pakachani. Lakini je, mtu mwenye alama ile kipajini akiri kwamba katika shamba lake mwenyewe wamo watu watakatifu asiowajua? Akakohoa.

Ngwali akamwokoa. "Bwana Waziri anawajua sana," akasema. "Ni yeye aliyewasimamisha."

Waziri akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Ni kweli," akasema. "Nimewasimamisha wengi katika dini, lakini sipendi kutangaza."

"Nao ni waadilifu, bwana?" akamwuliza Ngwali.

"Niliowasimamisha mimi," akasema Waziri, "ni waadilifu kuliko watu wote wa mji huu."

Ngwali akamwomba karani ayaandike maneno hayo, na karani akayaandika. Sultani akaapa kwa taji lake kwamba atawaendea mashahidi hao mwenyewe, na lolote watakaloshuhudia atalikubali, maana alitamani baraka. Na baraka, tofauti na uadilifu, hazihitaji kusoma makaratasi. Wakatandikiwa punda. Kadhi akapanda, wakuu wakapanda, Waziri akapanda. Na Ngwali akaenda kwa miguu mbele ya punda wa Sultani, akiomba kimoyomoyo asijikwae, asiulizwe neno, jua lisifanye kiwingu. Alijua ya kuwa ametembea kuelekea Pakachani akiwa na vichwa viwili juu ya mabega yake, chake na cha Bibi Mwanashuru.

Walifika alasiri ikiingia. Sultani akateremshwa, akanyosha kilemba chake, akauliza mawalii wako wapi. Ngwali akayaelekeza mawe mawili kwa kidole.

Uso wa Sultani ukaiva, akasema, "Umenitoa mjini unilete niyaamkie mawe?"

"Bwana wangu," akasema Ngwali, akiwa amepiga magoti, "mji wako wote huyaita mashahidi, mimi sikuyabatiza. Niliambiwa wasiwe wamekula rushwa. Haya hayajapata kula kitu. Niliambiwa wasiwe na ndugu. Muulize mchonga mawe kama wana shangazi. Hawajasema uongo maishani. Walikuwapo hapa kaburini, na toka siku hiyo hawajaondoka. Na Bwana Waziri amekiri mbele ya baraza kwamba aliwasimamisha yeye, na kwamba ni waadilifu kuliko sisi sote. Imeandikwa."

Mkuu mmoja akacheka, akajifanya amekohoa. Waziri naye akacheka, tena kwa raha, kwa kuwa alidhani mchezo umekwisha hapo na mpumbavu amejichimbia shimo lake. Akauliza mashahidi hao wanasema nini basi.

"Sala kwanza, bwana," akasema Ngwali. "Wakati umeingia. Ushahidi baada ya sala."

Hakuna awezaye kulikataa neno hilo, na imamu hawezi kabisa. Wakajitenga kidogo na kaburi, kwa kuwa kusali juu ya kaburi si adabu, wakajipanga katika ule uwanja wa mpunga, na Waziri akatangulia mbele, akaelekea kibla bila kusita hata kidogo, kama alivyofanya kila Ijumaa kwa miaka ishirini. Akasalisha kwa sauti ya simanzi. Ngwali alisimama mwisho wa safu ya kwanza, jirani kabisa na kaburi. Na sijui alisali nini, ila alisujudu muda mrefu kuliko wengine.

Walipotoa salamu, Ngwali akaomba kila mtu akae vivyo hivyo alivyo, asigeuke. Akasema, "Bwana wangu, safu yetu imelala kutoka mashariki kwenda magharibi, nyuso zetu zi mbele. Marehemu naye alipaswa kulala hivi, ndani ya safu pamoja nasi, uso wake mbele. Sasa litazame kaburi."

Sultani akageuza kichwa. Wote wakageuza vichwa. Kaburi lilikuwa limesimama mwishoni mwa safu kama msumari uliopigiliwa ubaoni. Na hata mtu ambaye hakupata kufikiri mwenyewe maishani aliliona.

"Shahidi wa kwanza asema kichwa ki kule," akasema Ngwali. "Wa pili asema miguu i huku. Bwana Waziri, ama umetusalisha upotovu miaka ishirini, nasi mji mzima tuzilipe sala zetu; ama ndugu yako umemlaza utosi kibla, jambo ambalo hata mpumbavu wa Kilifundi halifanyi. Chagua lolote katika mawili. Mimi nitaridhika."

Tasbihi ya kaharabu ikanyamaza. Lakini mtu aliyezoea kulia huwa na machozi karibu. Waziri akayafuta macho yake, akasema kwamba huzuni ilimtia kiwi, kwamba alipokuwa akimteremsha Shee hakujua mbele wala nyuma, na kama kumpenda ndugu mpaka kupotewa na kibla ni kosa, basi naye ni mkosaji. Lilikuwa neno zuri. Wakuu wakalainika. Sultani mwenyewe akaguna kwa huruma, akamwekea Waziri mkono begani. Na Ngwali akahisi ubaridi wa upanga ukimgusa kisogoni, kwa maana alikuwa hana shahidi wa tatu.

Akageuka kwa Kadhi, mzee mkimya ambaye tangu asubuhi hakuulizwa neno. Akamwomba aseme sheria ni ipi kwa maiti aliyepotoshwa kibla na machozi ya nduguze.

Kadhi akafikiri, akajibu, "Hufukuliwa, akaelekezwa. Maadamu hajaharibika."

Akainuka, akakongoja mpaka kaburini, akainama, akanusa. Akanusa tena. "Siku ya nne," akasema, "katika joto la kaskazi. Nami sisikii kitu. Hajaharibika hata kidogo."

Waziri akapaza sauti kwamba kufukua kaburi ni kumvunjia maiti heshima, akazitaja kauli nne, mbili kati yake za kweli. Lakini Sultani alikuwa akilitazama jiwe lile la kichwani, akiona kwamba ndugu yake, aliyenyonya naye ziwa moja, amelala upogo chini ya udongo, wala hakuna aliyemnyosha. Na hapo kitu kilichokuwa kimelala ndani yake miaka mingi kikaamka. Akavua joho, akalinyakua jembe la kibarua, akasema, "Nitamgeuza mimi." Ikawa ndiyo kazi ya kwanza ya mkono ule. Alichimba vibaya sana, machozi yakimtiririka, na kila aliyetaka kumpokea alimkemea.

Hawakuchimba sana. Sanda ikaonekana, bafta nyeupe safi, nguo tatu kama ipasavyo, imefungwa vizuri, imetiwa kafuri. Sultani akafungua upande wa uso ili amuage ndugu yake. Akatazama muda mrefu. Kisha akaketi ukingoni mwa shimo, miguu yake ikining'inia ndani.

Lilikuwa shina la mgomba. Lilikuwa limeoshwa, limepakwa manukato, limekafiniwa. Nami sijasikia toka kuumbwa kwa dunia mgomba uliozikwa kwa heshima kuliko ule. Waziri alikuwa amesahau kitu kimoja tu, nacho ndicho kitu asichopata kukijua.

Kisha mmoja wa vibarua wale akaanguka kifudifudi, akasema maneno ambayo Ngwali alikuwa ameogopa hata kuyaombea. "Yu hai, bwana. Yumo ghalani, nyuma ya magunia ya mpunga. Wanunuzi wa watu wanakuja kumchukua Jumamosi."

Kwa kuwa Waziri Mselemu hakupenda kumwaga damu, enyi jamaa. Alikuwa amesoma habari za wale ndugu waliomtia mwenzao kisimani kisha wakamuuza kwa bei ya kutupa, akatoka na fundisho lake: kwamba kuuza ni nafuu. Na Bibi Mwanashuru? Yule angeuawa na sheria. Damu imwagwayo na sheria hairukii kanzu ya mtu.

Wakamtoa Shee. Alikuwa amekonda, mikono yake ina alama za kamba, na mwanga ulimwumiza macho. Sultani akamkumbatia. Mpanda punda akatumwa mbio mjini amfungulie Bibi Mwanashuru, na Shee akamwambia amwambie mkewe kwamba mkate ulikuwa mtamu, ila haukutosha kumshibisha siku nne.

Hapo Sultani akaamuru Mselemu atiwe katika kaburi lile lile, hai, kichwa kibla, kama apendavyo. Askari wakamshika. Na ndipo Shee, ambaye bado alikuwa akishikilia ukuta wa ghala asianguke, akasema wamwache.

"Bwana," akamwambia Sultani, "huyu hajui kaburi. Mkimtia humo mara moja, atakufa hajui. Naomba kila maiti wa Kilifundi, tajiri na maskini, ateremshwe na Mselemu, kwa mikono yake, bila mwavuli, mpaka mauti yake. Na aingie humo akatoke, aingie akatoke. Pengine siku moja atatoka mtu."

Sultani akakubali. Mselemu akalia tena siku ile. Lakini wale waliokuwa karibu wanasema kwamba safari hii alilia vibaya, kamasi zikamtoka, wala hakutafuta kitambaa. Nami nafsini mwangu namtumainia.

Akabaki Ngwali. Sultani akamwambia aombe atakalo, hata uwaziri. Ngwali akatazama shimoni, akasema kwamba uwaziri humharibia mtu macho, ila anaiomba bafta ile. "Ni nguo njema, bwana, na maiti hakuivaa." Akapewa. Akaikata, akaifua, akaishona kwa siku arobaini, akatoa kofia moja ya kazi nzuri isiyopata kuonekana Kilifundi, akampelekea Sultani. Sultani akaivaa barazani, akasifiwa na wakuu wote, akauliza ni kitambaa gani chepesi hivi. Ngwali akamwambia.

Sultani akacheka. Kisha hakucheka tena. Mkono wake ukapanda kuivua, ukasita njiani, ukashuka. Na kuanzia siku hiyo hakupiga mhuri juu ya shingo ya mtu pasipo kuivaa kofia ile na kwenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka mahali jambo lilipotendeka.

Nawe uliyeketi hapo, uliyejipanga vizuri katika safu, uso wako kibla na moyo wako shambani kwako Pakachani: ni nani uliyemfungia ghalani? Ni nani unayemlia msibani hali unajua alipo? Rudi leo ukamfungue, ungali na miguu. Kwa maana iko siku ambayo utageuzwa na mikono ya watu, wakuelekeze watakako, nawe huna la kusema. Basi geuka sasa, ungali unaweza kugeuka mwenyewe.